Jiwe Ndani ya Mpira

Nilipokuwa mtoto kule Nanyala, mpira haukununuliwa dukani, tuliufunga wenyewe: matambara katikati, kamba za mgomba juu. Katika shule yetu ya misheni hakuna msichana aliyejua kuukaza kunishinda mimi. Nasema hivyo bila haya, maana mpira huohuo ndio ulionivunja pua.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na mwalimu wetu wa kike alikuwa ametuletea mchezo wa gongo. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vigingi vinne. Mimi nilikuwa mdakaji; kazi yangu kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila kilichompita. Mwisho wa muhula tungepanda lori kwenda kushindana na wasichana wa Itumba. Sikuwa nimepanda lori maishani mwangu. Kwa ajili ya lori lile ningedaka hata kaa la moto.

Siku moja Eda, rafiki yangu, aliugusa mpira kwa ncha ya gongo tu. Ukaruka nyuma, ukanipata puani. Damu ikachuruzika majanini. Nilirudi nyumbani nimeukumbatia mpira wangu, na kesho yake sikuuona tena. Nikadhani mbwa wameuchukua.

Bibi, mama yake baba, hakuniuliza kama inauma. Aliuliza, "Damu umeifunika?"

"Hapana, Bibi."

"Basi umeiacha ikuite. Ukisimama pale tena, mikono itakukimbia."

Mama, mtu wa kanisa kutoka kisogoni hadi kisiginoni, akasema huo ni ushenzi. Bibi akamjibu, "Mungu nimempa Jumapili nzima. Jumatatu niachie mwenyewe."

Pua ilipopona nilirudi uwanjani, na kweli, mikono ikanikimbia. Mpira ukija, macho yanajifumba yenyewe, viganja vinajikunyata kifuani kama kuku aliyenyeshewa. Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. "Tabu anadaka kwa kope!" Mwalimu akaanza kumjaribu msichana mwingine. Lori likaanza kwenda zake bila mimi.

Lakini mimi nilichekwa tu. Eda walimtenga. Walisema ana jicho baya, kwamba alinipiga kwa husuda, na hakuna aliyekula naye tena. Nikanyamaza. Nilikuwa na sababu, na haikuwa nzuri.

Mwishowe nikamwendea Bibi. Akachota majivu jikoni, akayafunga katika jani la mgomba. "Nenda mchana, mbele ya wale waliokuwepo. Kwanza useme damu ilimwagikaje, ndipo uifunike, ukiliita jina lako mara tatu. Ukidanganya, hayo majivu yarudishe tusugulie sufuria."

Hapo nikaogopa kuliko nilivyouogopa mpira. Maana ndani ya ule mpira mlikuwa na jiwe, kubwa kama yai la njiwa, na nililitia mimi, ili mpira uende mbali na watu waseme hakuna mfungaji kama Tabu.

Kesho yake wakati wa mapumziko nikasimama pale pale na majivu yangu. Wakanizunguka. "Amekuja kuzika pua!" mmoja akasema. Nikaeleza yote, jiwe na majivuno yangu, na kwamba Eda hana kosa. Nikamwaga majivu, nikaliita jina langu mara tatu kama nilivyoagizwa.

Hakuna aliyecheka. Eda akasema, "Wiki mbili nimekula peke yangu, wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akaokota mpira mpya, aliokuwa ameufunga mwenyewe, ovyo, kamba zinaning'inia. "Haya, chuchumaa. Na leo ufumbe macho uone!"

Aliurusha kwa hasira yake yote. Sikufumba. Nilijua nastahili kupigwa, na mtu anayejua hivyo hutazama. Mpira ukaingia viganjani.

"Lete tena," Eda akasema. Tena na tena, mpaka viganja vikawaka. Kengele ilipolia, Eda alikuwa anacheka.

Itumba tulikwenda, tukafungwa vibaya, na lori lilinitapisha kwenda na kurudi. Ilikuwa siku nzuri sana.

Bibi alipofariki nilikuwa mama wa watoto watatu. Tukigawana vyombo vyake, nikafungua kibuyu chake cha mbegu za maboga. Chini kabisa palikuwa na jiwe, kubwa kama yai la njiwa, kipande cha kamba ya mgomba kimeng'ang'ania bado.

Alijua tangu siku ile ya kwanza. Aliufungua mpira nikiwa nimelala na pua yangu, akanyamaza, akanisubiri.

Kama damu inaita au haiiti, mimi sijui, na mchungaji wetu asiniulize. Ila mjukuu wangu akija kwangu anavuja damu, simuulizi kama inauma. Namuuliza imemwagikaje, halafu nakaa kimya, majivu yakiwa karibu.