Sema Mashaallah Kisha Uandike

Iko siku moja, mwanangu, hainitoki akilini, na leo nakusimulia kwa kuwa umepata kazi ile ile niliyoianza ujanani: kupita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya serikali, kuuliza watoto gani wanasoma na gani wamekaa nyumbani.

Nilikuwa msichana, kitambulisho cha kazi shingoni na kichwa kimevimba kidogo. Ofisini tulikuwa tumeambiwa wazi: mtaa ukionyesha una watoto wasiosikia, darasa lao litafunguliwa. Usipoonyesha, basi tena. Na mmoja nilikuwa nikimjua. Rukia, binti wa jirani yetu Bi Zuhura, hapa hapa Mji wa Kale. Hakusikia tangu kuzaliwa, na mamake alimweka ghorofani asije akachekwa na watu.

Basi nikapiga hodi, na hata kuketi sikuketi. "Bi Zuhura, una watoto wangapi?"

Uso ukambadilika. "Watoto ni wa Mungu," akasema, na mlango akaufunga.

Nikarudi nyumbani nanung'unika ati watu wetu hawataki maendeleo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"We mwana, adabu umeiacha wapi? Umezaliwa hapa, hujui kuwa watoto wa watu hawahesabiwi kama nazi za sokoni Marikiti? Mama akitaja idadi aogopa kijicho. Rudi kesho, ukae kitako. Muulize majina, na kwa kila jina useme mashaallah."

"Na akinifukuza tena?"

"Utarudi tena. Kwani miguu ni yako au ni ya serikali?"

Nilicheka, lakini maneno yaliniingia. Mwacha asili ni mtumwa, nami asili yangu nilikuwa nimeiacha kwa kipande cha plastiki shingoni!

Nikarudi. Nikaamkia, nikajulia hali, nikapokea kahawa. Nikamweleza bila kuficha kuwa nitaandika, na kwa nini. Kisha nikamwomba majina. Salim, akasema. Mashaallah. Fatma. Mashaallah. Hapo akanyamaza. Nami nikanyamaza, nisiinuke. Mwanangu, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kahawa ilipoa kikombeni nami nimekaa.

"Na Rukia," akasema mwishowe, machozi yakamtoka. Nami nikalia naye, wallahi. Nikasema mashaallah, nikaandika.

Darasa lilifunguliwa, ingawa si upesi; mimi na Bi Zuhura ofisi tuliisumbua mpaka wakatuchoka. Leo ukitaka buibui lililoshonwa na Rukia sharti ungoje zamu, na wasichana wanaotaka ushoni huletwa kwake kujifunza.

Basi nakuusia. Takwimu usizidharau, kwa sababu serikali haimjengei darasa mtoto isiyemjua. Lakini mlangoni tanguliza salamu, hesabu ifuate. Huku kwetu ni mashaallah. Ukifika kwa watu wa bara waliohamia Kibarani, uliza desturi yao kabla ya kuuliza watoto wao. Mama akinyamaza, usimjazie jibu. Wakikufukuza, rudi, na kesho yake urudi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie milango na nyoyo zilizo nyuma ya milango, na asikupite mtoto hata mmoja aliyekaa ghorofani akingoja kutajwa jina.