Shafti ya Pili ya Gharib

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Majengo. Gharib Jamaldin amepiga magoti juu ya gunia, mbele yake shafti ya chuma yenye urefu wa mkono mzima. Ameipangusa kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, na sasa anaipaka vumbi la chaki mpaka inakuwa nyeupe kama sanda. Kisha anaweka mikono mapajani na kungoja.

"Chuma kikiwa na ufa, mafuta hujificha ndani," anaeleza bila kuinua macho. "Baada ya kitambo hutoka, yakachora mstari kwenye chaki."

Nje ya banda la mashine, wanawake zaidi ya sitini wamekaa na vikapu vya mahindi. Mashine ya kusaga ya Bi Mwanabaraka iko kimya wiki ya sita sasa, tangu shafti yake, mhimili unaozungusha mawe ya kusagia, ivunjike. Shafti mpya ni ya kuagizwa Uingereza, na kwa vita hivi hakuna ajuaye meli itafika lini. Mahindi ya mgao hutolewa mazima, makavu kama kokoto. Watu wanatwanga mpaka viganja vinafanya malengelenge.

Gharib hakuajiriwa kwa ufundi. Ni karani wa mizani katika bohari la mbata, mwenye miaka arobaini na mitatu na mshahara wa shilingi sitini na tano kwa mwezi. Vyuma ni mapenzi yake tu. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, Kibokoni, ipo mashine ya kukereza chuma aliyoiunda mwenyewe kwa miaka minne, kwa miguu ya cherehani kuukuu na vipande vya reli chakavu. Mkewe, Mwanaesha, hukanyaga pedali, naye hushika kisu.

"Wenzangu waume zao huwaletea kanga," asema Mwanaesha. "Mimi huletewa vyuma."

Gharib aliwatengenezea majirani pampu, kufuli na cherehani, hadi mwaka 1941. Mwaka huo alimkerezea rafiki yake Kioko, fundi wa reli, gurudumu la kuzungushia jiwe la kunolea. Siku ya tatu lilipasuka likizunguka. Kioko alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, akatolewa karakanani na kuwekwa mlangoni kufungua na kufunga geti.

Tangu hapo Gharib hakumtengenezea mtu kitu chochote kinachozunguka. Wala hakukanyaga kwa Kioko.

Bi Mwanabaraka alipomjia amtengenezee shafti, Gharib alikataa mara mbili. Mara ya tatu bibi huyo alikaa barazani na kusema, "Mwanangu, sikukujia kukubembeleza. Nimekuja unieleze waogopa nini, nikawaeleze wale wanaotwanga."

Alasiri ile Gharib alikwenda kwa Kioko.

"Nataka unikagulie kazi, shafti ya Bi Mwanabaraka," alimwambia.

Kioko hakumkaribisha kiti. "Lile gurudumu lilikuwa na ufa. Uliuona?"

"Niliuona," Gharib alijibu. "Nikajiambia ni mkwaruzo tu. Nilikuwa nina haraka ya kukuonyesha."

"Miaka miwili nimengoja useme hivyo," Kioko alisema. "Leta hiyo shafti. Lakini nikisema ni mbovu, ni mbovu."

Shafti ya kwanza iliwachukua Gharib na mkewe siku tisa, wakikereza chuma unyuzi kwa unyuzi. Kioko aliipaka chaki. Ukatokea mstari mwembamba kama unywele, karibu na shingo, pale inapokonda.

"Mbovu," alisema. Gharib aliikata vipande kwa msumeno siku hiyo hiyo, asije akashawishika kuitumia.

Hii ya leo ni ya pili, na imekula siku kumi na moja. Kioko anainama, anaizungusha polepole kwa vidole vitatu. Dakika kumi zinapita. Chaki imebaki nyeupe.

"Ifungeni kwenye mashine," asema.

Watu wanaondolewa hadi ng'ambo ya barabara. Injini inakohoa, inashika. Ukanda unavuta, shafti inaanza kuzunguka. Gharib amesimama kando yake, amekataa kutoka. Mara uso wake unabadilika. Moshi mwembamba unapanda kutoka kwenye bushi ya shaba, pete ambamo shafti huzunguka.

"Zima! Zima!" anapaza sauti Gharib.

Nje mtu anaanza kulia. Kioko anangoja mpaka kila kitu kimesimama, kisha anagusa bushi. "Imebana. Shafti haina kosa." Wanakwangua bushi kwa zamu, saa nzima. Wanatia grisi, wanawasha tena.

Sauti inakuwa moja, nzito, isiyotetemeka. Bi Mwanabaraka anamimina mahindi kwa mikono yake. Unga wa manjano unaanguka, naye anauchota, anaupeleka puani, anafumba macho. Gharib anakaa chini palepale sakafuni.

Vita vikimalizika, asema, anataka kuacha mizani na kufungua karakana ndogo Ganjoni, wawili wao, yeye na Kioko. Kioko amekubali, kwa sharti.

"Hakuna kitakachotoka mlangoni kabla sijakishika," asema Kioko. "Hata kiwe bawaba ya kabati."

"Na akikikataa," Gharib anaongeza, "nitakikata mwenyewe, mbele ya mwenye kazi."