Jina la Mskoti na Fimbo ya Baba

Nianze na niliyoyasikia, yasije yakachanganyika na niliyoyaona. Nimesikia kwamba Mskoti mmoja, mpimaji wa barabara, alipiga kambi hapa Nyanungu kabla sijazaliwa. Kwamba jirani yetu alikuwa mpishi wake. Na kwamba siku ya kubatizwa jirani huyo alilichukua jina la ukoo wa bwana wake likawa lake. Mskoti sikumwona. Mpishi naye simkumbuki, maana alifariki nikiwa bado mgongoni mwa mama. Niliowaona ni mjane wake, na mke ambaye mjane huyo alimwoa.

Msomaji wa mbali asishangae. Kwetu, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aweza kutoa ng'ombe na kuoa binti, ili binti huyo aizalie nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamume anayeingia kwa binti hana dai lolote, wala hatajwi. Mtoto ni wa nyumba, na jina ni la nyumba. Hivyo ndivyo jina la Uskoti lilivyopata mrithi hapa Mara: mtoto mmoja wa kiume, ambaye alipokuwa mtu mzima alihamia Mbalibali na mifugo yake.

Mwaka huu mwana wa mtu huyo amekuja kumposa mjukuu wangu, anayefundisha shule ya msingi hukohuko Mbalibali. Alifuatana na mjomba wake, mshenga mwenye maneno mengi.

“Shikamoo, mzee,” alisema mshenga kabla hajakaa vizuri. “Tumekuja na jina lililovuka bahari. Maana yake ni simba wa vita.”

“Marahaba. Nani alikuambia?”

“Inajulikana, mzee.”

“Inajulikana na nani?”

Kijana aliinamia simu yake. Mjukuu wangu, aliyekuwa akileta chai, alicheka hadi vikombe vikagongana.

Niliomba wiki mbili nilichunguze jina hilo. Nilikwenda Tarime mjini, nikaazima vitabu viwili kwa padri mstaafu. Vyote viwili vinasema kwamba katika lugha ya kale ya milima ya Uskoti jina hilo lilimaanisha mdomo uliopinda, na kwamba yaelekea lilikuwa lakabu ya mtu mmoja kabla ya kurithiwa na ukoo mzima. Kuhusu mtu huyo mwenyewe, vitabu vinasitasita. Nilinakili kurasa nzima kwa mkono, kwa sababu nilijua ninachokikwepa. Tangu utoto nilikuwa nimesikia fununu kwamba mwanamume aliyeingia katika nyumba ile alikuwa baba yangu. Ikiwa kweli, baba wa mchumba ni ndugu yangu kwa baba, na mchumba mwenyewe ni baba mdogo wa mjukuu wangu. Posa ya namna hiyo ni mwiko kwetu, na sijui kosa ambalo wazee wangeliogopa zaidi ya hilo.

Waliporudi niliwasomea nilichokipata.

“Mdomo uliopinda?” Mshenga alijishika taya. “Mzee, hebu tazama huu wangu. Umenyooka kama reli!”

“Wewe ni mjomba. Jina si lako.”

Walicheka wote. Mimi nilitoka nje nikaenda zizini, na mjukuu wangu akanifuata.

“Babu, jina umelimaliza. Mbona hutoi jibu?”

“Kuna maneno.”

“Ya kusikia au ya kuona?”

“Ya kusikia.”

“Si wewe uliyetufundisha kuyatupa?”

“Moja nililiona.”

Nikamweleza fununu yenyewe, kisha nililoliona. Nilikuwa darasa la tatu. Asubuhi moja ng'ombe wetu alishindwa kuzaa, na mama akanituma nimtafute baba. Nilipita kwa mjane. Kwenye mlango wa nyumba ya yule mke kijana iliegemezwa fimbo ya baba. Niliitambua kwa waya wa shaba uliozungushwa penye ufa, kwa kuwa waya ule niliuzungusha mimi mwenyewe. Sikubisha hodi. Nilirudi nikamwambia mama kwamba baba sikumwona, na kweli sikumwona. Mwaka huohuo yule mke alijifungua mtoto wa kiume.

Mjukuu wangu alishika mti wa zizi kwa mikono miwili.

“Fimbo haizai, babu.”

“Haizai. Lakini haitembei peke yake.”

Ndama alikuja akamlamba kiwiko, naye hakumfukuza. Hatimaye alisema kwamba siku hizi undugu wa damu hupimwa hospitalini, na kwamba wakipimwa wazee wawili, mimi na baba wa mchumba, maneno yatakwisha. Alirudi ndani akamwambia mchumba wake kila kitu mbele ya mshenga. Mshenga aliaga kabla ya chai.

Juzi tulikutana hospitalini, mimi na mzee wa Mbalibali. Alinipa shikamoo, nikaitikia, tukakaa kwenye benchi moja. Nilijikataza kumtazama masikio na paji la uso, maana macho ya mwenye hofu huona kile anachokihofia. Yeye aliniuliza jambo moja tu.

“Fimbo hiyo iko wapi sasa?”

“Sijui. Baba alizikwa bila fimbo.”

Muuguzi alipitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu langu, kisha kingine ndani ya shavu lake. Tukaambiwa majibu yatachukua wiki kadhaa. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na mchumba wake, hatua mbili kati yao, hawashikani mikono. Bahasha ya vijiti ilifungwa mbele yetu. Mzee yule aliandika juu yake jina la Mskoti kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika langu.