Baba Ananiuliza Bunduki Yake Iko Wapi

Admin, naomba jina langu lisitokee, maana watu wa kwetu wanaisoma hii page.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, Mkenya kutoka Taita, ni nesi katika hospitali moja hapa Doha. Sina mume wala mtoto. Nakaa Fereej Bin Mahmoud, kwenye chumba ambacho tulikuwa wawili mpaka mwenzangu alipoolewa akahamia Wakra. Tangu hapo nikitoka duty nafungua mlango, nawasha AC, na hakuna wa kumwambia kwamba leo nimechoka. Ijumaa ndiyo off yangu, na Ijumaa ndiyo siku ninayompigia baba.

Baba ni mkulima na shamba letu limepakana na mbuga. Tangu nikiwa mdogo alikuwa na bunduki ya marisau, ya halali kabisa, yenye cheti kwa jina lake. Alikuwa akipiga hewani tembo wakiingia kwenye mahindi. Aliisafisha mwenyewe, akaifungia kwenye sanduku la chuma, na ufunguo hakumwachia mtu. Mama alipofariki, ile bunduki na mbuzi wake ndivyo vilivyomfanya aendelee kuamka asubuhi.

Kisha akaanza kusahau. Kwanza majina, halafu njia ya kwenda kanisani. Tulisema ni uzee tu. Mpaka asubuhi moja wifi yangu, mke wa kaka yangu, alipokuwa anatoka kukamua mbuzi; wao wawili wanaishi na baba pale nyumbani. Alimkuta baba mlangoni amemwelekezea bunduki, anamuuliza yeye ni nani na maziwa ya watu anayapeleka wapi. Wifi alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Aliweka ndoo chini polepole akamwambia, "Baba, ni mimi. Naenda kukupikia chai." Baba akashusha bunduki, akaingia ndani, akakaa kungoja chai.

Kaka alinipigia simu. Alisema kuna mwenye duka pale senta anaitaka, ataichukua kimya kimya, yaishe. Nilikataa. Ile bunduki ina namba, na namba ina jina la baba. Ikiua mtu kesho, polisi watamfuata mzee ambaye hata hatakumbuka kwamba aliiuza. Nikamwambia aende kituoni awaeleze ukweli, waje waichukue na kuihifadhi wao. Walikuja siku hiyohiyo, na wakaongea na mzee kwa heshima.

Afisa wa leseni alitueleza kwamba baba hawezi kumuuzia yeyote tu. Mnunuzi lazima awe na kibali chake mwenyewe cha silaha ya aina hiyo, ofisi ikubali kwanza, ndipo jina la baba litolewe na la mwenzake liingizwe. Kabla ya hapo bunduki haitoki kituoni. Na baba mwenyewe aridhie, siku ambayo daktari amempima na kuona anaelewa anachofanya. Mnunuzi tulimpata, mfugaji jirani, rafiki wa baba wa miaka mingi, tayari ana kibali. Lakini kaka alipomgusia baba, mzee alimfukuza chumbani. Ikabidi niseme mimi.

Nilimweleza yote kwa simu, hata habari ya wifi na ndoo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe ndiye unayetaka niiuze?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Basi nitaiuza. Wewe hujawahi kuniomba kitu."

Siku ya kukabidhiana kaka aliniambia mzee alipimwa na daktari na alikuwa mzima kabisa. Alisaini, akamwonyesha rafiki yake mahali pa kupaka mafuta pasishike kutu, wakapeana mikono. Mimi nilikuwa wodini, nabadilisha dripu ya mtu nisiyemjua.

Ijumaa iliyofuata, kabla hata ya kunisalimia, baba aliniuliza bunduki yake iko wapi. Nikamwambia tuliiuza. Akauliza nani alitupa ruhusa. Nikasema, "Ni wewe, baba." Akalia. Mimi sikuwahi kumsikia baba akilia, hata siku tuliyomzika mama. Ijumaa nyingine akauliza tena, na kwake ilikuwa habari mpya, akalia tena. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Ni kama kila Ijumaa namnyang'anya upya. Siku nyingine anakata simu, nabaki nimekaa kitandani nikisikiliza majirani wakicheka na wageni wao upande wa pili wa ukuta.

Kaka humwambia iko kwa fundi. Nilimgombeza sana kwa hilo. Lakini Ijumaa iliyopita nilikuwa nimechoka, akauliza, na mimi nikasema iko kwa fundi. Alicheka. Akanieleza habari za mvua, mbuzi aliyezaa pacha, mtoto wa kaka anavyofanana na marehemu mama. Akaniuliza kama huku nakula vizuri. Hatukuwa tumeongea hivyo kwa muda mrefu mno, na nilipokata simu nilifurahi na kujichukia kwa wakati mmoja.

Jana wifi akanipigia. Anasema tangu ile Ijumaa baba anaoga mapema, anachukua fimbo, anaenda kukaa kando ya barabara kungoja gari la kumpeleka kwa fundi. Jua linampiga pale na haondoki. Wakimwambia hakuna fundi, anawajibu kwamba binti yake hawezi kumdanganya.

Kurudi nyumbani kwa sasa siwezi, mkataba wangu haujaisha. Kitu pekee nilichonacho cha kumpa ni ile simu. Ijumaa imekaribia, nitapiga, na ataniuliza. Ninyi mliolea mzazi wa hali hii, mlikuwa mnasema nini? Nishaurini, nimjibu vipi baba yangu?