Hopsi za Dakika Sifuri

Kavoi, seremala wa Kawangware, hajawahi kushindwa na mbao. Alishindwa na karatasi.

Karatasi yenyewe aliandikiwa na mwanawe Alvin, anayeishi Kanada. Alvin alikuja Aprili kumzika mama yake, Kaluki, akaacha mezani mkebe wa shira ya kimea, hamira, na pakiti nne za hopsi zilizoandikwa zamu zake, vidonge vya kijani kama chakula cha sungura, vya kuipa bia uchungu na harufu. "Hii ni ya kupika bia, Baba. Nikifika huko nitapika kama hii. Jumapili ya mwisho ya Mei tupigiane video, tukunywe pamoja." Tangu azike mke, Kavoi hakuwa na siku nyingine ya kungojea ila hiyo.

Karatasi ilisema: chemsha saa nzima. Hopsi, 60. Hopsi, 15. Hopsi, 0. Kisha siku ya tano, hopsi kavu.

"Kavu?" Kavoi aliviuliza viti vyake. "Kwani hizi zingine zimelowa?"

Na dakika ya sifuri ndiyo ipi? Alimpigia Alvin.

"Niko job, Baba. Nitakucall."

Hakupiga. Kavoi aliona haya kumsumbua mara ya pili, kwa hiyo akatumia akili ya ufundi. Ubao hupimwa kuanzia ncha, na ncha ni sifuri. Sufuria ilipotokota tu akamwaga pakiti ya sifuri, nayo ndiyo iliyokuwa nono kuliko zote. Robo saa baadaye akatia ya kumi na tano. Saa ilipotimia akatia ya sitini, akaepua, ikapoa akatia hamira, akajipongeza kimoyomoyo. Siku ya tano akatia zile kavu vilevile zilivyokuwa, maana hakujua azikaushe vipi zaidi.

Bia ilipokomaa akaijaza kwenye chupa, na Jumapili ikafika. Alinyoa ndevu, akavaa koti, akaiegemeza simu kwenye randa. Alvin alitokea akiwa ndani ya gari.

"Baba! Ilitoka aje?"

Kavoi aliinua glasi. "Hii hapa. Yako iko wapi?"

"Yangu? Aii, Baba, sikupata time ya kupika. Lakini wewe onja, nikuone."

Kavoi alionja. Ilikuwa chungu hadi masikio yakamuuma.

"Ni tamu," alisema.

"Nilijua utaweza! Nilikuwa nafikiria hiyo sifuri itakusumbua. Tunahesabu dakika zenye zimebaki, unajua. Sifuri ni ukishazima moto, hopsi zikichemka sana zinaleta uchungu."

"Hiyo nilielewa," Kavoi akasema.

Alvin alicheka, akasema amechelewa mahali, akamwambia ajitunze. Simu ikakatika. Kavoi alibaki ameketi na koti lake, chupa ishirini zikiwa zimepangwa chini ya meza. Angetoa randa yake bure siku hiyo kwa mtu yeyote ambaye angeingia, aonje, ateme mate, na amwambie usoni kwamba ameharibu.