Milimita Nane za Dada

Dada yangu watu wanamwita Milimita, na wala hakasiriki. Mwombe akukatie mkate: kwanza ataangalia kisu, halafu mkate, halafu wewe. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni nakuambia, mtu huyu anachosha. Lakini ikija kwenye mizinga anayotengeneza, nafunga mdomo.

Anaitengenezea nyuma ya nyumba, kwa msumeno wa mkono na randa. Kila mzinga ni masanduku mawili, moja juu ya jingine, na ndani zinaning'inia fremu ambazo nyuki hujengea masega. Kazi yote iko kwenye nafasi. Kati ya fremu na ukuta, kati ya fremu za juu na za chini, lazima zibaki milimita nane, njia ya nyuki kupita. Ukizidisha, wanajenga masega humo. Ukipunguza, wanaziba kwa gundi yao, na siku ya kuvuna unavuta fremu moja unavunja tatu. Dada amechonga kijiti cha unene huohuo. Anakitembeza kila pembe, na kisipopita, sanduku linabomolewa.

Mwaka juzi chama cha wafugaji nyuki kilichukua mizinga yake kumi na miwili ya majaribio. Ikifaa, angepewa oda ya wanachama wote, kazi ya miaka miwili. Nyumbani tulishaipangia hiyo oda mpaka rangi ya bati la karakana.

Sasa, kila akimaliza mizinga, dada hubakiza mmoja chumbani kwake, eti auchunguze unavyozeeka. Nilimcheka sana. Wiki moja kabla ya kamati ya chama kukaa, akaniita. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mzinga ule, kijiti mkononi, na kijiti hakipiti. Mbao ikikauka haipungui urefu, inapungua upana. Muuza mbao alimwapia kwamba zimekauka, naye kwa haraka ya oda akamwamini, yeye asiyeamini hata saa ya ukutani. Upana wa mbao ndio kimo cha sanduku, kwa hiyo masanduku yalikuwa yamepungua kimo, na fremu za juu zilikuwa zimekalia za chini.

Nilimwambia anyamaze. Sifichi. Wenyewe wangefungua siku ya kuvuna, na kamati ingekuwa imeshapitisha. Nikamwambia funika kombe mwanaharamu apite. Alijifunga kanga, akachukua nyundo, misumari na vipande vyembamba vya mbao kavu kabisa, tukaenda kwa mwenyekiti wa chama.

Alimweleza akiwa amesimama, bila kumtaja muuza mbao hata kidogo. Akaomba apigilie vipande hivyo kwenye ukingo wa chini wa kila sanduku la juu, nafasi irudi. Mwenyekiti akatupeleka shambani kwenye mizinga, akafukiza moshi, akainua sanduku la kwanza. Likaja na fremu za chini zikining'inia, zimegandana.

Na hapa lazima niseme: dada anaogopa nyuki. Miaka yote hiyo alikuwa anaishia getini mwa shamba. Siku ile alivaa wavu wa kuazima, akabandua fremu kwa patasi moja moja, akapigilia, akapitisha kijiti chake, wakati nyuki wanamtambalia mikononi. Hakupinda msumari hata mmoja. Siku mbili, mizinga kumi na miwili. Vidole vilimvimba hata pete ikagoma kutoka. Nilikuwa namshikia misumari huku nalia, na sikulia kwa sababu ya moshi.

Tulipomaliza, mwenyekiti akatuletea maji ya kunawa. Akauliza ilikuwaje tusingoje kamati ipitishe kwanza, maana yeye asingejua.

Dada akajibu huku anakausha mikono. "Tulishauriana, mimi na mdogo wangu. Tukaona ni vizuri uambiwe mapema."

Nikamtazama. Hakunitazama.

Mwenyekiti akasema kamati ataieleza yeye mwenyewe, na oda ataipigania, mradi safari hii mbao zikaushwe mpaka dada aridhike, hata kama ni mwaka mzima. Kisha akanigeukia mimi, akaninyooshea mkono.

"Asante, mama," akaniambia. "Dada yako ana bahati kuwa na mtu wa kumshauri."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikaupokea ule mkono.