Kope ya Shangazi na Kioo Changu

Shangazi yangu wa Muleba alipima joto la yai kwa kope. Alilitoa chini ya tetea, akafumba jicho, akaligusisha hapo, kisha akajua. Mimi ndiye niliyemwachisha.

Nilimletea kutoka Bukoba mashine ya kutotolesha vifaranga niliyoiunda mwenyewe: sanduku la mbao, balbu nne, kihisi joto, kioo cha namba na kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani. Kihisi kinasoma joto, kompyuta inawasha balbu au kuzizima. Ni rahisi hivyo, mradi programu iwe nzuri. Watengenezaji wa kompyuta hii walitoa programu yake mara moja, wakahamia kuuza toleo jipya. Kwenye jukwaa lao mtandaoni wateja walilalamika kwamba namba huganda: sanduku linapoa, kioo kinaonyesha joto la jana, balbu haziwaki. Hakuna aliyewajibu. Nikajiambia, labda yangu haitaganda.

Shangazi akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba mayai wanawake wa jumuiya yake. Wengine waliyatoa chini ya kuku walioanza kuatamia.

Siku ya tisa akanipigia simu. "Kope inaniambia baridi."

"Kioo kinasemaje?"

"Thelathini na saba na nusu."

"Basi amini kioo, shangazi. Ngozi inadanganya."

Hakuna yai hata moja lililoanguliwa.

Jumamosi nilikuwa nimekuja Muleba, na baada ya sala ya jumuiya shangazi akawaambia wenzake kwamba umeme ulikatika.

"Umeme gani huo?" mama mmoja akadakia. "Mbona mimi nilipiga pasi wiki nzima? Tetea wangu hana hata nguzo, na hajawahi kukatika!"

Wakacheka wote, isipokuwa shangazi. Alikuwa anatazama mkeka.

Nikasimama. Nikasema umeme haukukatika, kompyuta iliganda. Nikaeleza habari za kihisi, programu, na watengenezaji wasiojibu wateja. Kueleza nakuweza; vichwa vilianza kutikisika kwa kunihurumia, mama wa pasi akanipa pole. Nusura niketi nikiwa mtu aliyeonewa.

Shangazi akauliza taratibu, "Mwana wange, hayo malalamiko ya mtandaoni uliyasoma lini?"

Ningeweza kumjibu kwa Kihaya, tukabaki sisi wawili kama siku zote. Lakini Kihaya wote pale walikijua.

"Kabla hujaenda kuyaomba mayai," nikasema.